Habib Swaleh, sharifu aliyewafungulia mlango waliofungiwa nje

Mfungo Sita ukiingia, hata huku kwetu Mtopanga utawasikia vijana wakipanga safari ya Lamu. Basi hadi Mokowe, kisha boti, halafu matari na mbio za punda. Lakini waulize nani aliyezipa nguvu Maulidi hizi. Wengi watakutajia jina tu: Habib Swaleh. Stori yenyewe hawana.

Sharif Swaleh bin Alawi Jamalilleil alizaliwa Ngazija, visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Akahamia Lamu akiwa bado kijana. Lamu ya wakati ule ilikuwa mji wa madaraja. Wakubwa walikaa Mkomani kwenye majumba ya mawe, na elimu ya dini ilikuwa kama mali yao. Mtumwa kukaa darasani asomeshwe kama mtoto wa bwana wake? Wengi hawakutaka hata kusikia.

Sasa huyu alikuwa sharifu, wa kizazi cha Mtume. Angeweza kukaa na wakubwa, ale heshima yake kwa raha. Yeye akaenda zake Langoni, mtaa wa wanyonge, akawa anasomesha watumwa na watu waliodharauliwa mjini. Wakubwa wakanuna. Kumbuka utumwa pwani ya Kenya ulifutwa rasmi 1907, kwa hivyo hili halikuwa jambo dogo.

Halafu akaongeza lingine. Alileta Maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, yasomwe kwa matari na kasida. Kelele zikazuka: ngoma msikitini? Lakini watu wake ngoma walikuwa nayo damuni. Hakuwaambia waiache mlangoni ndipo waingie. Waliingia nayo, ikawa ni ya kumsifu Mtume.

Karibu na mwaka 1900 ukasimama Msikiti wa Riyadha, hapo hapo Langoni. Wanafunzi wakatoka hapo wakasambaa pwani nzima. Habib Swaleh alifariki 1935.

Ubishi wa matari haujaisha, mpaka leo utausikia barazani. Lakini usiku wa Maulidi, mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa wanakaa mkeka mmoja, na hakuna anayeuliza nani ni nani.

Kwa hivyo ukienda mwaka huu, usikimbilie punda pekee. Kwenye ziara ya kaburi lake, nawe fuata. Msomee Fatiha mzee wa watu.