Krapf: Jamaa Aliyezika Familia Mombasa, Akatuachia Kamusi

Ukitoka Kibarani, katiza kisiwa, vuka daraja la Nyali. Upande ule ndiko kuna kaburi la Rosine Krapf, na hapo ndipo stori ya bwanake inakuwa noma.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani 1810. Alienda Ethiopia kama mmishenari, mambo yakakataa. 1844 akaja Mombasa na Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Julai homa ikawaangusha. Rosine akafa, na siku chache baadaye katoto kao kachanga pia kakaenda.

Angepanda jahazi arudi kwao, na nani angemlaumu? Jamaa alibaki. Alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha ambayo bado alikuwa anajifunza, na akaendelea tu. 1846 Rebmann akajiunga naye, wakahamia Rabai. 1849 akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani. 1850 akachapisha sarufi ya Kiswahili. Alifariki 1881, na kamusi yake ikatoka 1882.

Krapf alikuwa Mkristo, lakini Wabudha wana mfano unaomfaa: yungiyungi huota kwa matope. Matope yenyewe hayaendi popote.