Joginder Singh

Joginder Singh Bhachu (Kericho, Kenya, 9 Februari 1932 – London, Uingereza, 20 Oktoba 2013) alikuwa fundi wa magari na dereva wa mbio za magari kutoka nchini Kenya. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda Mbio za Magari za Safari mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Mashabiki walimpa jina la utani la Singasinga Arukaye.

Maisha ya awali

Baba yake alihamia Kenya kutoka Punjab, Uhindi, akafungua gereji. Joginder alisoma Nairobi, kisha akafanya kazi katika gereji kadhaa za mji huo, ikiwemo ya baba yake. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia madereva walioharibikiwa. Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 26 hivi, yaani alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mbio.

Ugumu wa Safari

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953. Katika miaka ya 1960 yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwa umbali wa kilomita 5,000 hivi, juu ya barabara ambazo nyingi zilikuwa za vumbi au matope. Katika baadhi ya miaka magari yalipanda pia milima ya Usambara. Magari mengi hayakufika mwisho.

Mara nyingine gari lilizimika kwa hitilafu ndogo ya umeme wala si kwa ubovu wa injini. Mtikisiko hulegeza viungo vya nyaya za gari, ambazo mafundi huziita waringi. Waya unaosugua bodi huchubuka na kuleta shoti, na maji ya mto yakiingia kwenye distributa, cheche hazifiki kwenye plagi. Kwa sababu hiyo, waya wa gari la mashindano hufungwa pamoja, hushikizwa kwa vibanio ili usicheze, huvishwa mpira kila unapopita kwenye tundu la bati, na huwekwa mbali na bomba la moshi. Kinga hizo hufanywa gereji, siku nyingi kabla ya gari kuondoka. Dereva aliye fundi ana faida nyingine: gari likizima porini usiku, anajua pa kuanzia kutafuta.

Ushindi

Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imetumika tayari. Gari lao lilikuwa na namba 1. Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda mashindano hayo.

Mwaka 1974 mvua ilikuwa kubwa, na magari mengi yalikwama matopeni. Joginder, akiwa na dereva mwenza David Doig, aliendesha Mitsubishi Lancer yenye injini ya sentimita za ujazo 1,600 tu. Hata hivyo alimshinda Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeshika nafasi ya pili kwa gari lenye nguvu zaidi, Porsche 911. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena kwa Lancer, na nafasi ya pili na ya tatu pia zilichukuliwa na magari ya aina hiyo.

Urithi

Joginder alimaliza mashindano 19 kati ya 22 ya Safari aliyoshiriki. Idadi hiyo yaonyesha sifa yake kuu kuliko hata vikombe vyake vitatu, kwani katika Safari sharti la kwanza la kushinda lilikuwa kufika. Alifariki London akiwa na umri wa miaka 81.