Sayyid Ahmad bin Sumayt na Maana ya Mji Mwema

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada. Wanadamu tangu kale wametamani mji usio na dhulma. Aflatuni wa Uyunani aliuandikia kitabu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na katika Waislamu, Abu Nasr Al-Farabi, aliyekufa Sham mwaka 339 Hijria (950), alitunga kitabu juu ya rai za watu wa mji mwema, akaufananisha mji na mwili ambao viungo vyake husaidiana, na moyo wake ni mkuu mwenye hekima. Lakini Waislamu hawakungoja vitabu vya wanafalsafa. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622 alifunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari, na akaandika mkataba uliowakusanya Waislamu na Mayahudi wa mji ule chini ya ahadi moja. Basi asili ya mji mwema kwetu si ndoto. Ni ahadi inayotimizwa na hukumu inayomfikia mkubwa na mdogo. Na mwenye kutaka kujua mzigo huo ulivyobebwa na mtu mmoja hapa Unguja, naatazame maisha ya Sayyid Ahmad bin Abibakar bin Sumayt.

Alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1277 (1861). Baba yake, Sayyid Abubakar, asili yake ni Shibam katika Hadhramaut, naye alikuwa mfanyi biashara na mwanachuoni. Sayyid Ahmad alisoma kwa baba yake, kisha akasafiri Hadhramaut akachukua ilimu kwa masharifu wa huko. Alijishughulisha na biashara ya baharini, akala jasho lake, wala hakuifanya ilimu kuwa duka. Alikuwa angali kijana alipopewa ukadhi wa Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said.

Ufalme wa Unguja ulikuwa wa Kiibadhi, na wengi katika raia zake ni Mashafii. Kwa hiyo waliwekwa makadhi wa madhehebu mbili, kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake. Jambo hilo si dogo, kwani mji wenye watu mbalimbali hausimami ila mwenye nguvu akikubali kuwa haki ya mwenziwe haipimwi kwa kipimo chake yeye.

Yahadithiwa kuwa Sayyid Ahmad hakupatana na Sayyid Barghash. Mwaka 1885 aliondoka Unguja, akaacha cheo na nyumba. Akafika Istanbul, akakaa kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, na Sultani Abdulhamid akamtunuku nishani. Wengine wangalibaki pale penye heshima. Yeye akaendelea kutafuta ilimu Misri na Makka. Sayyid Barghash alipokufa mwaka 1888, akarejea Unguja, na Sayyid Khalifa akamrudisha katika ukadhi.

Yakaja mambo mazito. Mwaka 1890 Unguja ikaingia katika himaya ya Waingereza. Mwaka 1896 jumba la mfalme likapigwa mizinga. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kuondoa utumwa. Amri ikawa si ya Sultani peke yake. Kadhi alikuwa na njia mbili nyepesi: kukimbia kazi, au kuwafuata wenye nguvu katika kila jambo. Sayyid Ahmad hakushika hata moja. Alibaki akihukumu, akisomesha, na akiandikiana barua na wanavyuoni wa nje, hata Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Katika vitabu vyake kimo Al-Ibtihaj, kinachoeleza istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi, kwani kadhi asiyefahamu maneno ya vitabu huwadhulumu watu bila ya kukusudia.

Pamoja naye alikuwapo mwanafunzi na rafiki yake, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefungua madrasa Ukutani katika Mji Mkongwe. Mmoja alishika hukumu, na mmoja alishika mafunzo. Hapo ndipo ilipo siri ya mji mwema. Hukumu bila ya mafunzo huzaa hofu, na mafunzo bila ya hukumu huzaa maneno matupu. Watoto wa masharifu, na wa mafukara, na wa wale ambao jana walikuwa watumwa, wote wana haja ya viwili hivyo.

Wote wawili walitawafu mwaka 1343 (1925). Sayyid Ahmad alizikwa penye Msikiti wa Ijumaa wa Malindi. Mwanawe, Sayyid Umar, naye alikuwa kadhi wa Unguja baada yake.

Hakuuacha mji ukiwa mkamilifu, na wala hapana mji mkamilifu duniani. Aliacha mfano. Ajuaye kuwa peponi tu ndipo pasipo dhulma, hasemi kuwa duniani haki haina faida. Huitenda kwa kadiri awezavyo, sokoni, nyumbani na barazani, mpaka siku yake ifike.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie kufuata nyayo zake. Amin.