Felix Wankel, mtu aliyetoa pistoni ndani ya injini

Mjerumani aliyebuni injini ya mafuta isiyo na pistoni hakusoma chuo kikuu, hakuwa na diploma ya uhandisi, na maisha yake yote hakupata leseni ya udereva kwa sababu macho yake hayakuona mbali. Jina lake ni Felix Wankel. Alikufa mwaka wa 1988 akiwa tajiri, wakati ambapo karibu kampuni zote kubwa za magari zilizokuwa zimenunua haki ya kutengeneza injini yake zilikuwa zimekwisha kuiacha. Leo injini hiyo imerudi kiwandani nchini Japani, ila imepewa kazi nyingine kabisa.

Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti 1902 katika mji wa Lahr, karibu na Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alifanya kazi katika idara ya misitu. Aliuawa mwaka wa 1914, vita ya kwanza ya dunia ikiwa ndiyo imeanza, na mtoto akabaki na mama yake. Pesa za kumpeleka chuo kikuu hazikupatikana. Mwaka wa 1921 aliacha masomo, akaajiriwa katika kampuni ya kuchapisha na kuuza vitabu mjini Heidelberg. Mwaka wa 1924 alifungua karakana yake ndogo katika mji huohuo, na humo akaanza kutafuta namna ya kutengeneza injini inayozunguka tu.

Ili kuelewa kilichomsumbua, inafaa kuangalia injini ya kawaida, kama ile ya pikipiki. Pistoni inapanda ndani ya silinda, inasimama, inashuka, inasimama tena, kisha inapanda. Jambo hilo linatokea maelfu ya mara kila dakika. Lakini gurudumu la pikipiki halipandi wala halishuki, linazunguka. Kwa hiyo kati ya pistoni na gurudumu lazima kuwe na vyuma vya kugeuza mwendo mmoja kuwa mwingine: bieli na mhimili uliopinda. Juu yake ziko supapu za kufungua na kufunga njia ya hewa na ya moshi, pamoja na chemchemi zake na mnyororo wake. Kila kimoja kina uzito, kinatetemeka, na siku moja kitavunjika. Wankel aliona kwamba mtambo unaozunguka tangu mwanzo ungeondoa vyuma hivyo karibu vyote.

Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Watu walikuwa wamejaribu mitambo ya kuzunguka tangu zamani, nao walishindwa mahali pamoja: gesi ilivuja. Pistoni ni ya mviringo, na pete zake, zile ambazo mafundi wa garaji wanaziita segma, hukaza kwenye silinda kwa urahisi. Kitu chenye kona kinachozunguka ndani ya chumba hakina pete ya namna hiyo. Wankel alitumia karibu miaka 30 kujifunza jinsi ya kuziba. Kazi hiyo isiyo na sifa ndiyo iliyomtofautisha na wavumbuzi wengine, na ndiyo iliyompatia mkate muda mrefu kabla ya injini yenyewe kuwaka.

Mkate huo ulitoka kwa nani? Masimulizi mengi ya maisha yake yanapita hapa mbiombio, na haifai. Akiwa kijana wa miaka 20 aliingia katika chama cha Nazi, baada ya kujiunga na kundi lililoeneza chuki dhidi ya Wayahudi. Aliongoza vikundi vya vijana, na mwaka wa 1928 alikutana na Hitler mwenyewe. Baadaye aligombana na Robert Wagner, mkubwa wa chama katika jimbo la Baden, akimshitaki kwa ufisadi. Mwaka wa 1932 alifukuzwa chamani, na mwaka wa 1933 Wagner, aliyekuwa sasa na mamlaka, akamtia gerezani Lahr. Aliyemtoa ni Wilhelm Keppler, mshauri wa Hitler wa mambo ya uchumi, aliyeamini kipaji chake. Tangu hapo serikali hiyohiyo ikamlipa. Wizara ya ndege ilimjengea karakana mjini Lindau, kando ya Ziwa Konstanz, na huko alitengeneza supapu za kuzunguka kwa ajili ya injini za ndege za kivita. Mwaka wa 1940 alipewa cheo katika SS, na miaka miwili baadaye akatolewa humo. Mwaka wa 1945 wanajeshi wa Ufaransa walimkamata, karakana yake ikafungwa, na alibaki kizuizini hadi mwaka uliofuata.

Alianza upya na kidogo alichobaki nacho: ujuzi wa kuziba. Mwaka wa 1951 kampuni ya NSU ya mji wa Neckarsulm, iliyotengeneza pikipiki, ilifanya naye mapatano. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1954, alipata umbo alilokuwa akilitafuta.

Umbo hilo linaweza kuelezwa bila hesabu. Chumba cha injini kinafanana na ganda la karanga lenye punje mbili: kirefu kidogo, kimebonyea katikati. Ndani yake kuna rota, kipande cha chuma chenye kona tatu ambacho pande zake zimevimba. Rota haizunguki mahali pamoja kama feni. Inazunguka huku ikiyumba, ikiongozwa na meno yake ya ndani yanayoshika meno ya gia iliyofungwa ukutani. Kwa mwendo huo kona zake tatu zinagusa ukuta wakati wote. Kati ya rota na ukuta kunabaki nafasi tatu, na kila nafasi inapanuka na kusinyaa rota inapozunguka. Nafasi ikipanuka inavuta hewa na esanse. Ikisinyaa inavibana. Buji inatoa cheche, gesi inalipuka na kusukuma upande wa rota, kisha nafasi inasinyaa tena na moshi unatoka. Ni kazi zilezile nne za pistoni, ila pande tatu zinazifanya kwa wakati mmoja, kila upande ukiwa mahali pake. Supapu hakuna: rota yenyewe inapita mbele ya matundu, ikiyafungua na kuyafunga. Rota ikizunguka mara moja, mhimili wa katikati unazunguka mara tatu. Vyuma vikubwa vinavyotembea katika injini ya rota moja ni viwili tu, rota na mhimili.

Injini ya kwanza iliwaka tarehe 1 Februari 1957. Katika injini hiyo ukuta pia ulizunguka pamoja na rota, jambo lililoifanya iwe laini ajabu, lakini buji zilikuwa ndani kabisa, na kuzibadilisha kulitaka kuifumua injini. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, alichora injini ya pili ambayo ukuta wake unatulia, na Wankel hakuulizwa. Alipopata habari alikasirika, akilalamika kwamba farasi wake wa mashindano wamemgeuza kuwa wa kulima. Lakini haki ilikuwa upande wa Paschke. Injini zote zilizofika barabarani zilifuata mchoro wake, ingawa zinabeba jina la Wankel.

Gari la kwanza la NSU lenye injini hiyo lilitoka mwaka wa 1964. Kisha mwaka wa 1967 ikaja Ro 80, gari kubwa la familia lililochaguliwa kuwa gari la mwaka wa 1968 barani Ulaya. Lilikwenda kimya na bila kutetemeka, na umbo lake lilionekana la kisasa miaka mingi baadaye. Ndipo tatizo la zamani likarudi. Katika kila kona ya rota kuna segma ya ncha, kipande chembamba kinachokwangua ukuta kwa kasi kubwa, katikati ya moto. Segma hizo zilichakaa mapema. Baadhi ya injini zilikufa kabla ya kufikisha kilomita elfu 50, na NSU ikabidi kuzibadilisha kwa gharama yake. Gari lilikuwa zuri, lakini liliimaliza kampuni: mwaka wa 1969 NSU ikaingia chini ya Volkswagen, ikaunganishwa na Audi.

Huko Hiroshima, kampuni ndogo iliyoitwa Toyo Kogyo, leo Mazda, ilikuwa imenunua haki ya injini hiyo mwaka wa 1961. Kenichi Yamamoto na wahandisi wake walipoifungua injini iliyokuwa imefanya kazi kwa saa nyingi, walikuta ukuta wa ndani umechanwa kwa mistari, na wakaiita mikwaruzo ya kucha za shetani. Walijaribu vitu vingi vya kutengenezea segma. Walifaulu walipotumia kaboni iliyochanganywa na alumini, na mwaka wa 1967 gari la Cosmo Sport likauzwa. Kile ambacho NSU iliwauzia wateja kabla hakijaiva, Mazda ilikipika kwanza.

Licha ya matatizo ya Ro 80, dunia bado iliamini kwamba siku za pistoni zimehesabiwa. General Motors ya Marekani ilikubali mwaka wa 1970 kulipa dola milioni 50 ili nayo itengeneze injini hiyo. Chuo kikuu cha ufundi cha München kikampa Wankel udaktari wa heshima. Na mwaka wa 1971 yeye na mshirika wake waliuza kampuni yao yenye haki za injini kwa marka milioni 100. Mnunuzi atawashangaza wengi: alikuwa Lonrho, kampuni ya London iliyotajirika kwa migodi na mashamba ya Afrika, ambayo wakati huo ilimiliki pia gazeti la The Standard la Nairobi.

Wankel aliuza kwa wakati mzuri. Miaka miwili baadaye, vita ya Oktoba 1973 katika Mashariki ya Kati ilipandisha bei ya mafuta, na injini ya kuzunguka inakunywa. Sababu iko katika umbo lenyewe. Nafasi ambamo esanse inaungua ni ndefu na nyembamba, haina mviringo. Moto hauifikii kona yote, joto jingi linapotelea ukutani, na sehemu ya mafuta inatoka na moshi bila kuungua. Tena segma za ncha zinahitaji kulainishwa, kwa hiyo injini inachoma pia oili kidogo wakati wote. General Motors ikaahirisha mpango wake mwaka wa 1974, kisha ikauacha. Citroën nayo, iliyokuwa imeanza kuuza gari lake, iliyanunua tena kutoka kwa wateja ili kuyaharibu.

Wankel mwenyewe aliendelea kufanya kazi Lindau. Alitengeneza mashua ya kasi yenye injini zake, na akatoa pesa kwa ajili ya kulinda wanyama, hasa kutafuta njia za utafiti zisizowatesa. Alikufa Heidelberg tarehe 9 Oktoba 1988. Miaka mitatu baadaye gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, ushindi wa kwanza wa injini isiyo na pistoni katika mbio hizo.

Mazda iliendelea peke yake hadi mwaka wa 2012, sheria za moshi zilipoifanya iache. Lakini haikuitupa injini. Mwaka wa 2023 ilitoa gari la MX-30 ambalo magurudumu yake yanasukumwa na umeme tu. Chini ya boneti kuna rota moja ya cc 830 inayozungusha jenereta ya kujaza betri. Kwa kazi hiyo sifa za Wankel zinahesabika: injini ni ndogo, nyepesi, haitetemeki, nayo inaweza kuzunguka kwa kasi ileile inayoipendeza badala ya kupanda na kushuka kufuatana na mguu wa dereva. Uzito mdogo ndio pia unaoifanya itumike katika ndege zisizo na rubani. Inafaa hata kwa hidrojeni, kwa kuwa hewa baridi inaingia upande mmoja na moto unawaka upande mwingine, na gesi hiyo haishiki moto kabla ya wakati. Mazda ilikodisha magari ya namna hiyo Japani tangu 2006.

Kiu ya mafuta haijaisha, na betri zikizidi kuwa nafuu, jenereta ndani ya gari huenda isihitajike. Hata hivyo, Februari 2024 Mazda ilikusanya tena kikundi cha wahandisi kwa ajili ya injini hiyo. Katika rota yao mpya, segma ya ncha imeongezwa unene kutoka milimita 2 hadi 2,5.