Padre Cecil Majaliwa na Jina Lake

Katika jubilei hii twamkumbuka Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni akatiwa utumwani. Alipokombolewa, wamisionari wa U.M.C.A. walimlea Unguja. Akasoma Kiungani, kisha Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi, akatumwa Chitangali kwa Nakaam, mkuu wa Wayao, awahubiri watu wa kabila lake mwenyewe. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misioni hiyo kupewa daraja ya ukasisi. Utumwa ulimtenga na ukoo wake. Lakini jina Majaliwa, yaani yale ambayo Mungu amemjalia mtu, likaheshimiwa Kanisani. Nasi wa Chitete, tuwezao kuwataja babu zetu, tusimdharau asiyewajua wake.