Beryl Markham na Anga la Nairobi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, abiria wa matatu zilizotoka katikati ya jiji la Nairobi na kupita Dagoretti Corner walipita kando ya uwanja wa mashindano ya farasi wa Barabara ya Ngong bila ya kujua kwamba ndani ya ua ule, katika nyumba ndogo aliyopewa na chama cha mashindano hayo, aliishi ajuza mmoja mrefu na mwembamba ambaye miaka karibu hamsini nyuma alitangazwa na magazeti ya London na New York. Hakuwa na mali ya kutajika. Bado alikuwa akifunza farasi. Kitabu chake cha pekee cha maisha yake kilikuwa kimesahauliwa, na hata majirani waliomsalimu asubuhi aghalabu walimjua kwa farasi tu, si kwa ndege. Ajuza huyo alikuwa Beryl Markham.

Alizaliwa Ashwell, Uingereza, tarehe 26 Oktoba 1902. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuja Kenya kutafuta maisha mapya akapata shamba Njoro, na mtoto akaletwa akiwa bado mdogo sana. Mama hakuyaweza maisha ya shambani. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na msichana akabaki na baba. Tukio hilo ndilo ufunguo wa mengi yaliyofuata. Mtoto asiye na mama nyumbani alilelewa na jumuiya iliyokuwa nje ya nyumba, nayo ilikuwa jumuiya ya Wakalenjin waliofanya kazi katika shamba lile. Alicheza na watoto wao, akajifunza kurusha mkuki na kufuata nyayo za wanyama. Rafiki wa karibu zaidi alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa alichukua jina la utu uzima, arap Ruta.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kusita kidogo. Walowezi wengi wa enzi ile walijifunza kile kilichokuja kuitwa Kisetla, lugha ya amri iliyotosha kumwagiza mpishi chai na mtunza farasi tandiko. Lugha hiyo haikuwa na nafasi ya mzaha wala hadithi. Mtoto anayejifunza lugha kwa kucheza hupitia njia nyingine kabisa, na Beryl alikuwa na Kiswahili cha bara pamoja na Kinandi tangu utotoni. Haifai, hata hivyo, kuipamba picha hiyo kupita kiasi. Msichana yule alikuwa binti wa mwenye shamba, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wenzake wa kiume wa utotoni walikuwa watu wa kubeba kipande shingoni, ilhali yeye alikwenda atakako.

Shamba la Njoro lilifilisika kufuatia ukame wa baada ya vita hivyo, na baba akaondoka kwenda Peru. Beryl, ambaye tayari alikuwa ameolewa akiwa bado kijana mno, alibaki nchini akawa mfunzi wa farasi mwenye leseni katika kazi iliyokuwa ya wanaume. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mojawapo ya mashindano makubwa ya Nairobi. Mwaka 1927 aliolewa mara ya pili, na Mansfield Markham, ambaye jina lake alilihifadhi hata baada ya ndoa kuvunjika. Walipata mtoto mmoja wa kiume, Gervase, aliyelelewa Uingereza na jamaa za baba. Mengi yamesemwa kuhusu wapenzi wa Beryl, wakiwemo watu wa ukoo wa kifalme, na waandishi kadhaa wamejaza kurasa nyingi kwa habari hizo. Zina nafasi yake, lakini zimefunika kazi aliyoifanya.

Kazi yenyewe ilihusu chombo kilichokuwa kigeni bado. Mnamo 1925 mlowezi John Carberry aliingiza nchini ndege ndogo ya mbao na kitambaa iliyopewa jina Miss Kenya, na ndiyo iliyokuja kuwa ya kwanza katika daftari la ndege za Kenya. Mwaka 1927 kikaundwa chama cha marubani, Aero Club of East Africa. Mwaka uliofuata, Maia Carberry, mke wa John na mwanamke wa mwanzo kabisa kuendesha ndege nchini, alianguka hapa Nairobi alipokuwa akimfundisha mwanafunzi wake. Wote wawili walifariki. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways kwa ndege moja, na rubani wake mkuu akawa Tom Campbell Black. Uwanja wa Nairobi West uliotumiwa na kampuni hiyo ndio ambao tangu 1962 unaitwa Wilson. Watu wachache wanaoupita katika Barabara ya Lang'ata hukumbuka kwamba jina hilo ni la mwanamke.

Urubani wa siku hizo ulikuwa na maana tofauti na ya leo. Viwanja vilikuwa nyasi zilizofyekwa, na kabla ya kutua ilibidi rubani apite chini mara moja ili kuwafukuza pundamilia. Redio haikuwemo ndani ya ndege hizo ndogo. Ramani zilikuwa na sehemu kubwa tupu. Siku hizi makao makuu ya idara ya utabiri wa hali ya hewa ya Kenya yapo Dagoretti Corner, mwendo mfupi kutoka nyumba ile ya uzeeni mwa Beryl; katika ujana wake, rubani aliyetoka Nairobi alitegemea zaidi macho yake mwenyewe, na yeyote anayeijua Milima ya Ngong anafahamu jinsi mawingu yanavyoweza kuifunika ghafla. Injini ikizimika mahali pasipo watu, kiu na simba vilikuwa hatari sawa na kuanguka kwenyewe.

Beryl alijifunza kurusha ndege mwaka 1931, mwalimu wake akiwa Campbell Black. Mwaka huo huo, tarehe 14 Mei, Denys Finch Hatton, aliyezoea kutua na ndege yake katika shamba la Karen Blixen chini ya Ngong, alianguka mara tu baada ya kupaa Voi. Alikufa pamoja na Kamau, mtumishi wake. Beryl alikuwa amealikwa katika safari hiyo, na mwalimu wake ndiye aliyemshauri asiende. Finch Hatton alizikwa Milima ya Ngong na kaburi lake hutembelewa hadi leo. Kamau hatajwi sana. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba hata kifo kilichowakuta wawili katika chombo kimoja hakikuweza kuwasawazisha katika kumbukumbu.

Kifo hicho hakikumzuia Beryl. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza katika ndege yake ndogo aina ya Avro Avian. Mwaka 1933 alipata leseni ya kuchukua abiria kwa malipo, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Mtihani wake haukuishia hewani. Mtahiniwa alipaswa pia kujua kufungua injini na kusafisha sehemu zake. Akaanza kubeba barua, abiria, dawa na wagonjwa. Alifanya pia kazi ya kutafuta makundi ya ndovu kutoka angani kwa ajili ya wawindaji kama Bror Blixen, kisha akawadondoshea ujumbe wa maandishi. Kwa msomaji wa nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kazi hiyo haipendezi hata kidogo, ingawa ndiyo iliyolipa mafuta.

Arap Ruta alimfuata kutoka mazizi ya farasi hadi kwenye banda la ndege. Alijifunza kuitunza ndege, akawa ndiye anayeingojea jioni. Swali la iwapo yeye naye angeweza kukaa kwenye usukani halikuulizwa katika enzi ile. Anga la Nairobi, lililosifiwa kuwa huru kwa yeyote mwenye ujasiri, lilikuwa na rangi ya wenye kulimiliki kama ilivyokuwa kwa ardhi iliyo chini yake.

Safari iliyompa Beryl umaarufu ilianza Abingdon, Uingereza, jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Wakati huo Amelia Earhart alikuwa tayari amevuka Atlantiki peke yake kutoka magharibi kwenda mashariki, akisaidiwa na upepo. Kuivuka kinyume, upepo ukiwa usoni, lilikuwa jambo jingine. Jim Mollison alilifanya mwaka 1932 akitokea Ireland, na hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya peke yake. Ndege aliyotumia Beryl, Percival Vega Gull iliyoitwa The Messenger, ilikuwa mali ya Carberry na ilibeba namba ya usajili wa Kenya, VP-KCC. Ilijazwa matangi ya ziada hata ndani mwa chumba chake, na haikuwa na redio.

Usiku kucha aliruka ndani ya mvua na giza. Tangi moja lilipokwisha injini ilinyamaza kabla hajafungua jingine, na ndege ikawa inashuka kuelekea baharini asikoweza kupaona. Ikaguruma tena kwa bahati. Asubuhi aliiona nchi kavu, lakini tangi la mwisho nalo likakataa kutoa mafuta, yamkini kwa sababu ya barafu katika tundu lake la hewa. Baada ya saa 21 na dakika 25 alitua Baleine, Cape Breton, nchini Kanada. Alichodhani ni uwanja kilikuwa bwawa la matope. Pua ya ndege ikazama, naye akatoka na jeraha la kichwa. Alikuwa amekusudia New York. Alihesabu kwamba ameshindwa, wakati dunia nzima ilikuwa ikimshangilia. Majuma mawili baadaye, tarehe 19 Septemba, Campbell Black aligongwa na ndege ya kijeshi katika uwanja wa Liverpool akafa. Mwalimu aliyemzuia asiende Voi alifia ardhini, ndege yake ikiwa haijapaa.

Kitabu cha Beryl, West with the Night, kilichapishwa Marekani mwaka 1942, na hapa ndipo wahakiki wanapogombana. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, naye Beryl alimshukuru kitabuni kwa msaada wake. Mary Lovell, katika wasifu wa mwaka 1987, alitetea kwamba kitabu ni cha Beryl, akionyesha kuwa sehemu za mswada zilikuwepo kabla hajakutana na Schumacher. Errol Trzebinski, mwaka 1993, alishikilia kinyume. Hoja ya Lovell ina uzito zaidi, kwa kuwa inasimama juu ya tarehe. Tena ni vigumu kuamini kwamba mtu ambaye hakukulia Njoro angeweza kubuni sauti ile inayomtazama farasi, mwewe na arap Ruta kwa jicho moja. Udhaifu wa kitabu upo kwingine: ndoa tatu, mwana, na sheria za ukoloni hazimo. Tawasifu ni kumbukumbu, lakini pia ni uteuzi, na alichokiacha mwandishi kinamweleza kama alichokiandika.

Beryl alirejea Kenya kuelekea mwaka 1950 akarudia farasi, na kwa miaka mingi alishinda mashindano makubwa ya Nairobi mara kadhaa. Urubani aliuacha. Siku ya jaribio la mapinduzi, tarehe 1 Agosti 1982, aliendesha gari kana kwamba hakuna lililotokea, na gari hilo likapigwa risasi, alinusurika. Mwaka 1983 kitabu chake kilitolewa upya Marekani baada ya barua ya Ernest Hemingway yenye kukisifu kugunduliwa. Fedha zikaanza kuingia katika nyumba ile ya Barabara ya Ngong, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Alianguka nyumbani mwaka 1986 akavunjika mfupa, nimonia ikafuata, naye akafariki Nairobi tarehe 3 Agosti. Ibada ya kumbukumbu ilifanyika London tarehe 4 Septemba, miaka 50 kamili tangu jioni ile ya Abingdon.