Sewa Haji: Tajiri wa Bagamoyo na mlango wa Muhimbili

Majina ya vijana waliochaguliwa kusomea udaktari yanapotoka, Waislamu tuna desturi moja: tunahesabu. Tunapitia orodha kutoka juu hadi chini tukitafuta akina Juma, akina Rukia na akina Abdallah. Tukifika mwisho tunaguna, tunaingia msikitini kuswali Adhuhuri, na baada ya swala mazungumzo yanaishia barazani. Mwaka unaofuata tunahesabu tena.

Simkatazi mtu kuhesabu, kwa sababu malalamiko mengine yana msingi wake katika historia ya elimu ya nchi hii. Lakini ndugu msomaji, leo naomba tumtazame Muislamu mmoja ambaye hakupata kusomea udaktari hata siku moja, na ambaye jina lake limo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili hadi hivi leo. Ukienda pale saa za kuona wagonjwa utasikia watu wakiulizana kama ndugu yao amelazwa Kibasila, Mwaisela au Sewa Haji. Wengi wanadhani Sewa Haji ni jina la mtaa, au daktari wa zamani. Hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Makhoja yenye asili ya Kachi, Bara Hindi. Baba yake alifungua duka Unguja, kisha akaweka tawi Bagamoyo. Mwaka 1869 kijana huyu alikabidhiwa biashara ile akiwa na umri wa miaka 18 tu.

Najua wapo watakaoacha kusoma hapa hapa, kwa kuwa Makhoja wale walikuwa Ismailia na sisi tulio wengi ni Sunni. Hilo lina mahali pake, na masheikh wapo. Hapa tunazungumzia kazi ya mtu, na kazi yenyewe hatujaifanya sisi tulio wengi.

Bagamoyo ya wakati ule ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Misafara mingi mikubwa ya kwenda Tabora, Ujiji na maziwa makuu ilianzia au kuishia pale. Atakaye kusafiri bara hakuhitaji fedha taslimu, kwani huko haikutumika. Alihitaji vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, na zaidi ya yote alihitaji wapagazi wa kubeba mizigo hiyo kichwani. Vyote hivyo Sewa Haji alikuwa navyo, au alijua pa kuvipata. Misafara iliporudi pwani na pembe za ndovu, alikuwepo kununua.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, aliyempatia wapagazi ni Sewa Haji, wakati huo kijana wa miaka 20. Katika kitabu chake Stanley amemlalamikia sana, akimshutumu kwa udanganyifu katika hesabu. Inawezekana alikuwa na sababu. Lakini aliyesoma vitabu vya Stanley anajua kwamba ni wachache sana aliokutana nao wakasalimika na kalamu yake. Hata hivyo tusimfanye Sewa Haji kuwa walii. Utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu na jasho la wapagazi, na biashara ile ilikuwa na machungu mengi ndani yake.

Wapagazi hao walikuwa akina nani? Wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Yaani walitoka katika nchi ile ile ambayo leo ndani yake kuna miji kama Malampaka, wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu. Walitembea kwa miguu miezi kadhaa hadi pwani. Wengine walifika wamechubuka mabega na wana vidonda vya miguu, wengine wanaharisha damu, wengine wana ndui. Wako waliofia njiani wakaachwa hapo hapo. Mfanyabiashara anayeishi kwa kuandikisha wapagazi huyaona mambo haya kila msimu, mlangoni kwake.

Kisha wakaja Wajerumani. Vita vya Abushiri bin Salim vya mwaka 1888 na 1889 viliitikisa Bagamoyo, na mwaka 1891 makao makuu ya serikali yao yakahamia Dar es Salaam. Wakubwa wa serikali mpya hawakupenda kuona biashara ya wapagazi imeshikwa na Mhindi mmoja, wakavutana naye. Pamoja na mvutano huo, katika miaka hiyo ya 1890 Sewa Haji alifanya mambo mawili ambayo wakubwa hao wenyewe walikuwa hawajayafanya.

La kwanza, alijenga jengo la shule Bagamoyo, la ghorofa, akalikabidhi kwa serikali kwa sharti kwamba wasome humo watoto bila kubaguliwa kwa rangi. Jengo hilo baadaye likawa la Shule ya Msingi Mwambao. Sharti lile si dogo. Kwa miaka mingi baada yake, chini ya Waingereza, shule za nchi hii ziligawanywa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, na unajua ya nani ilikuwa ndogo.

La pili ni hospitali. Kwa fedha za Sewa Haji ikajengwa Dar es Salaam hospitali ya Waafrika na Wahindi, ujenzi ukaanza mwaka 1893 na kumalizika mwaka 1897. Mwaka huo huo wa 1897 Wajerumani walikamilisha hospitali yao ya Ocean Road, ufukweni penye upepo mzuri, kwa ajili ya Wazungu. Basi ndivyo mji ulivyokuwa na hospitali mbili, moja ya watawala iliyojengwa na watawala, na nyingine ya watu wengine wote iliyotoka mfukoni mwa Muislamu mmoja.

Hospitali ya Sewa Haji ilifanya kazi karibu miaka 60. Mjerumani aliondoka, Mwingereza akaingia, yenyewe ikabaki. Humo walifundishwa kazi wasaidizi wa tiba wa Kiafrika. Humo alifanya kazi Dk. Vedast Kyaruzi, aliyekuwa rais wa TAA mwaka 1950 huku Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake. Daktari kama Kyaruzi ilibidi asomee Makerere, Uganda, kwani Tanganyika haikuwa na chuo cha udaktari. Na ili ufike Makerere ilikupasa kwanza upite katika shule chache sana za sekondari, nyingi zikiwa mikononi mwa misheni. Mtoto wa Kiislamu ambaye baba yake aliogopa kumpeleka misheni, safari yake iliishia madrasa na shule ya msingi. Hapo ndipo penye mzizi wa orodha tunazozihesabu.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya pale Muhimbili, ikaitwa Princess Margaret, na kazi za Sewa Haji zikahamia huko. Jina lake likahamia pia, likapewa jengo la wodi. Mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha tiba cha Dar es Salaam hapo hapo penye wagonjwa, kwa sababu chuo cha udaktari hakisimami bila hospitali. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, MUCHS, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili, MUHAS. Baadaye vilikuja vyuo vingine, KCMC kule Moshi, Bugando kule Mwanza, Kairuki hapa Dar es Salaam na vinginevyo. Wengi wa waliovianzisha ni makanisa na watu binafsi. Nalitaja hili bila kinyongo, kwa sababu waliojenga wamejenga.

Sasa turudi Usukuma walikotoka wale wapagazi. Malampaka ni mji mdogo wa pamba, wenye stesheni katika reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Waislamu wake si wengi, kama ilivyo katika miji mingi ya Usukuma. Chukua binti wa Kiislamu wa mji huo anayetaka kuwa daktari. Je, anaanza lini kuomba chuo? Wazazi wengi watakwambia ni baada ya matokeo ya kidato cha sita. Hapana. Kwa miaka mingi mtoto wa Tanzania ameamua suala hili mwishoni mwa kidato cha pili, anapochagua kama ataendelea na Fizikia au ataiacha. Akiiacha, mlango umefungwa, naye hana habari. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu shuleni mwalimu wa Fizikia ni mmoja au hayupo, na nyumbani hakuna aliyepita njia hiyo.

Vyuo vyetu vinataka ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Bayolojia, yote matatu. Nimekutana na vijana waliosoma mchepuo wa CBG, yaani Kemia, Bayolojia na Jiografia, wakiamini kwamba wanaelekea kwenye udaktari kwa kuwa Bayolojia wanayo. Wanagundua siku ya kujaza fomu. Tena kile kiwango cha chini kinachotangazwa si kile kinachomwingiza mtu. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na chuo huanza na wenye alama za juu. Anayebaki nje bado ana njia ya mzunguko, nayo ni njia nzuri: stashahada ya utabibu, na akifaulu vizuri anaomba shahada akiwa tayari ameshika wagonjwa.

Halafu kuna makaratasi. Maombi huwa na tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa, na mkopo wa serikali, ambao Bodi yake ilianza kazi mwaka 2005, unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kwa aliyefiwa na mzazi unataka na cheti cha kifo. Hapa watoto wetu wana balaa lao maalumu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cha kidato cha nne Mohamed, cha kidato cha sita Muhammad, na jina la babu limeonekana mara moja tu. Ofisi inauliza kama hawa ni watu watatu. Kijana anakimbizana na viapo vya mahakamani wakati siku za maombi zinakwisha. Jambo hili lingemalizwa na kamati ya msikiti kwa jioni moja, mtoto akiwa kidato cha kwanza, lakini ni kamati ngapi zina ajenda hiyo?

Misikiti tunajenga, alhamdulillah, na ajengaye msikiti ana malipo yake kwa Mola wake. Nazungumza na wenye uwezo, hasa wafanyabiashara wa Kiislamu waliochumia pamba na mchele Usukuma na sasa wanaishi Mwanza na Dar es Salaam. Mwezi wa Ramadhani mnapeleka tende na mazulia. Mzani wa maabara, bureti, pipeti, hadubini na posho ya mwalimu mmoja wa Fizikia kwa mwaka ni vitu ambavyo mtu mmoja mwenye malori mawili anaviweza. Si lazima iwe shule ya Kiislamu. Shule ya kata anayosoma binti yule inatosha, na watakaonufaika watakuwa wa dini zote. Sewa Haji alipotoa jengo la Bagamoyo hakuweka sharti la dini wala kabila. Masheikh wetu wanatufundisha kila siku habari ya sadaka yenye kuendelea, na wanapotafuta mfano hutaja kisima cha Madina cha Sayyidna Uthman. Ni mfano mzuri. Upo na mwingine wa hapa Upanga, ambao unapitwa na daladala kila siku.

Watu wa Bagamoyo walimwona Sewa Haji akizidi kutoa kadiri miaka ilivyokwenda. Aliwahurumia hasa wagonjwa wa ukoma, ambao wakati ule waliogopwa kuliko maiti, na katika wosia wake aliacha mali kwa manufaa yao na ya maskini. Alifariki Zanzibar mwezi wa Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi. Hospitali yake ya Dar es Salaam ilikamilika mwaka huo huo. Reli ya Mwanza ilikuwa bado miaka 31 mbele, Malampaka haikuwa na stesheni, na Wasukuma walikuwa wangali wanaingia pwani kwa miguu, mizigo kichwani.